Utenzi wa Visanduku Viwili

Leo sianzi kwa wino,
wala kalamu, mkono;
naanza kwa mnong'ono
uliomo sikioni.

Jina langu ni Famau,
na hata mkisahau
milango haisahau
niliyochonga Langoni.

Patasi ndiyo riziki,
macho yangu hayachoki,
kwa sura sidanganyiki,
nilidhani, nilidhani.

Mwaka jana nilipata
fedha nzuri; nikasita;
kisha hamu ikaita
ya sauti ya thamani.

Nina kanda za harusi,
dada yangu Unaisi;
mjukuu kwa upesi
kazitia kompyutani.

Zikawa namba za safu,
hazina mate, harufu,
sifuri kwa moja, wafu
wangojao kaburini.

Kigeuzi ni sanduku:
hupokea namba huku,
kukatoka, si kwa chuku,
roho iliyo kooni.

Nikenda kwake Twalibu
dukani mwake, karibu
na chumba cha mtabibu,
kule juu Mkomani.

Akaviweka viwili
mezani bila kauli;
kimoja, sura kamili,
fedha juu hadi chini.

Kina kioo cheusi,
kitufe kama almasi,
kina taa ya kiasi
ya buluu ya angani.

Cha pili ni kama bati,
limekunjwa kwa bahati,
parafujo zake kati
zimetokeza puani.

Na bei? Ati ni sawa!
Kana kwamba paa, ngawa,
kilo zao hugawiwa
kwa bei moja buchani.

Nikacheka: "Bwana wangu,
hiki si cha hadhi yangu;
wageni, hata Wazungu,
hunisifu hadharani."

Twalibu hakunijibu,
akatwaa taratibu
leso, akavihijabu
vyote viwili mezani.

"Sikiliza, kisha nena."
Cha kwanza kitamu sana,
sauti zikibanana
kama samaki kapuni.

Cha pili: nikasikia
dada kwanza akohoa,
bangili zikamlia
mbili, tatu, mkononi.

Nyuma, mtu anasema:
"Wali waungua, Salma!"
Nikamtambua: mama,
yuko kule mlangoni.

Kanda nimezisikia
mara mia kwa mamia,
mama sikumdhania
kwamba yumo humo ndani.

Leso ikafunuliwa:
ndilo bati lilokuwa
likiimba, na nikawa
kama mwizi kizimbani.

Fundi wangu, marehemu,
alinifunza elimu:
"Mlango, mwana, fahamu,
hupimwa masikioni.

Ukifungwa useme 'tu',
usilie kama mtu;
maua yake si kitu
ukikwaruza mwimoni."

Je, nilinunua bati?
Subirini. Niliketi;
jicho nalo lina hati,
na hati si ya utani.

Nyumbani kuna zidaka
za tangu nyaka na nyaka,
sahani zimepangika;
nitie bati rafuni?

Twalibu akanambia:
"Chumvi ya huku hutia
kutu; mng'aro hufia,
haufiki Ramadhani."

Nikalipa. Pesa zote,
sikubakiza mkate,
nikihofia nikute
wenzangu kichochoroni.

Mwanatumu kalitwaa,
mke wangu, kashangaa:
"Hata halina na taa!
Umelitoa jaani?"

Akalitia kilemba
cha uzi alichoremba;
jioni dada kaimba,
mama akaja jikoni.

Mwanatumu, kwa ghafula,
kakimbilia chakula;
kumbe si wali wetu, la,
uloungua kandani.

Nami usiku, kwa siri,
huiona, ninakiri,
taa ile, tena nzuri,
ikiniita ndotoni.